Skana ya negativu iliyogoma baada ya Windows 11

Skana yangu ya mikanda ya milimita 35 imenitumikia miaka 11. Nikaiweka Windows 11 kwenye kompyuta, basi: taa ya kijani inawaka, kompyuta haiioni. Fundi wa kwanza, pale mjini, hata hakuifungua. "Mama, hiyo imekufa, nunua mpya." Shilingi 10,000 za kuambiwa hivyo!

Kijana wa Kirumba, hapa Mwanza, kibanda chini ya ngazi jirani na wauza dagaa (harufu utaizoea), hakugusa bisibisi. Alibadilisha waya wa USB kwanza. Kimya. Akaichomeka kwenye kompyuta yenyewe badala ya kigawanyio cha USB. Kimya. "Skana nzima, mama. Draiva yake, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, ndiyo ya zamani." Akaweka VueScan, programu inayokuja na draiva zake kwa skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji. Toleo la majaribio huchafua picha kwa alama, lakini unaona kama inafanya kazi kabla ya kulipia.

Alinitoza 15,000. Picha ya marehemu baba, Jiwe la Bismarck la pale ziwani nyuma yake, imetoka safi, ila ziwa limezidi ubluu. Bango la kibanda linasema kinafunguliwa saa mbili asubuhi. Kijana hufika saa nne.