Nilivyopata kazi ya mpishi mkuu Dubai kwa viza ya mwajiri: uzoefu wangu kutoka Malindi

Nimepika Malindi na Watamu kwa miaka 16, na 7 ya mwisho nilikuwa mpishi mkuu wa hoteli ya vyumba 60. Leo niko Dubai, naongoza jiko lenye watu 38 katika hoteli ya vyumba 240, na viza yangu ililipiwa yote na mwajiri, kuanzia kibali cha kuingia nchini hadi kitambulisho cha ukaazi. Karibu kila wiki mpishi mwenzangu wa Mombasa, Diani au Unguja hunitumia ujumbe: "Shefu, nipe namba ya wakala wako." Sina wakala. Niliyekuwa naye alikula pesa zangu, na ni vyema nianze na huyo.

Ilikuwa Januari 2024. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili mjini Mombasa, ina feni, ina karani, ina ramani ya Kanada ukutani. Nililipa shilingi 85,000 za "kufungua faili", pesa nilizokuwa nimeziweka kwa karo ya binti yangu. Wiki tatu baadaye nikaletewa ofa: mpishi mkuu, hoteli ya Alberta, dola 9,000 za Kanada kwa mwezi, nyumba na gari juu. Hakuna aliyenisaili. Hakuna aliyeniuliza hata nimewahi kuongoza wapishi wangapi. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, lakini kazi ile nilikuwa nimeitamani sana. Kisha ikaja bili ya pili, shilingi 140,000, "ada ya LMIA".

LMIA ni tathmini anayoomba mwajiri wa Kanada kwa serikali yake ili aruhusiwe kuleta mgeni, baada ya kuonyesha kuwa alitafuta mtu humo nchini akakosa. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, inalipwa na mwajiri, na sheria inamkataza kumdai mfanyakazi. Nilipomwonyesha wakala maelezo hayo kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, hayo ni ya kwenye karatasi. Huku tuna utaratibu wetu." Sikulipa. Nikaenda kutazama orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya, jina la ofisi ile halimo. Kufika Machi, mlango una kufuli. Niliandikisha taarifa polisi, na ile 85,000 sijaiona tena hadi leo. Orodha ile hutazamwa bure. Mimi niliitazama baada ya kulipa.

Uingereza nilijaribu pia, kwa muda mfupi. Kule serikali huweka wazi orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wageni, kwa hiyo nilijua nani wa kumwandikia. Lakini tarehe 4 Aprili 2024 kima cha chini cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka, na mikahawa miwili iliyokuwa imenijibu ikanyamaza. Anayeniuliza sasa namwambia asipoteze muda wake: tangu tarehe 22 Julai 2025 kazi ya upishi imeondolewa kwenye kazi ambazo mwombaji mpya aliye nje anaweza kudhaminiwa, na kima cha jumla kimefika pauni 41,700. Anayekuuzia viza ya mpishi ya London anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Kilichonigeuzia mambo ni simu moja. Maneja wa vyakula na vinywaji niliyewahi kufanya naye kazi Malindi, ambaye wakati huo alikuwa Doha, nilimtumia CV yangu aitazame. Alipiga usiku. "Shefu, umeniandikia mapishi. Niandikie hesabu." Aliniambia kwamba mtu anayeajiri mpishi mkuu hatafuti mkono mzuri, mikono mizuri anayo tayari jikoni. Anatafuta mtu wa kumkabidhi pesa.

Nikakaa mwisho wa wiki nzima na madaftari yangu ya zamani. Nilipotoka hapo CV ilikuwa kurasa mbili: vyumba vingapi, sahani ngapi kwa siku msimu wa juu, watu wangapi chini yangu, gharama ya chakula niliikuta asilimia 37 ya mauzo nikaishusha hadi 31 kwa miaka miwili, na nilifanya nini hasa kuishusha. Nikaandika kumbukumbu za HACCP (utaratibu wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula) ninavyoziweka, joto la friji asubuhi na jioni, nani anasaini. Nikaandika kwamba nazungumza Kiitaliano, ambacho mtu wa Malindi hukichukulia kama kitu cha kawaida na kumbe nje ni mali. Picha za sahani nilibakisha sita tu.

Kwa upande wa tovuti, LinkedIn na Hosco zilinisaidia kujua nafasi ziko wapi, lakini majibu ya maana yalitoka nilipoomba kwenye kurasa za ajira za makampuni ya hoteli yenyewe. Nilituma maombi 64 kati ya Mei na Agosti, nikajibiwa na 9, nikasailiwa na 3. Naitaja hesabu hii kwa sababu wengi hukata tamaa kwenye ombi la kumi. Jambo jingine: hoteli mbili kati ya zile zilinipa nafasi ya msaidizi wa mpishi mkuu, si ukuu wenyewe. Kwa mpishi aliyetoka hoteli ndogo hiyo si dharau. Hoteli ya vyumba 400 haiwezi kumkabidhi jiko mtu asiyewahi kuendesha karamu ya watu elfu, na ukiingia kama msaidizi ukafanya mwaka mmoja, unaomba ukuu ukiwa tayari ndani ya nchi. Ningekubali moja kati ya hizo kama hii ya tatu isingekuja.

Usaili wa hoteli hii ulikuwa kwa video, saa nzima. Swali ninalolikumbuka: gharama ya chakula ikipanda asilimia mbili mwezi huu, utaanza kutafuta wapi? Nikajibu naanza kwenye mizani ya mlango wa kupokelea bidhaa, kisha pipa la taka, kisha sahani inayorudi kutoka mezani, na bei za wauzaji nazitazama mwisho. Meneja mkuu akaandika kitu. Baada ya siku nne wakaniita Dubai kwa majaribio ya jikoni, tiketi na viza ya kutembelea juu yao.

Saa 2 asubuhi walinipa meza, kijana mmoja wa Kinepali wa kunisaidia, na samaki mzima wa kilo 6. Wao humwita hamuri. Nilipomgeuza nikacheka kwa furaha, kwa kuwa alikuwa chewa, chewa yule yule ninayemnunua bandani Malindi alfajiri. Kabla ya kupika walitaka gharama yake kwa maandishi. Alinunuliwa dirhamu 40 kwa kilo, yaani 240. Nikamtoa minofu, nikaipima: kilo 2.5. Kwa hiyo kilo ya minofu haigharimu 40, inagharimu 96, na kipande cha gramu 180 ni dirhamu 17 na fulusi 28 hata kabla ya mafuta na chumvi. Kichwa na mifupa nikavitia sufuriani na kitunguu, tangawizi na ndimu, nikaandika kwamba supu hiyo itabeba sahani ya pili, na kwa hiyo sehemu ya zile 240 ihamie huko. Minofu nikaipaka tui zito, ukwaju na pilipili, nikaichoma. Supu nikaipunguza motoni ikawa mchuzi wa ravioli za kaa, kwa namna niliyojifunza kwa Mwitaliano mmoja mzee aliyenifundisha kukanda unga.

Mchana wakanipa kazi ya mezani: panga bafe ya futari kwa watu 250, bei ya kuuza dirhamu 149 kwa kichwa. Futari huku ni biashara kubwa kwa hoteli. Wapishi wengi hukosea kwenye kiasi cha chakula. Wanapanga nyama kama ya chakula cha jioni, ilhali mfungaji anaanza na tende, maji, supu na sambusa, na nusu saa baadaye hana nafasi kubwa tumboni. Hilo sikulisoma mahali popote, nimelelewa nalo. Niliongeza supu na vitafunio, nikapunguza nyama kwa kila kichwa, nikaweka uji wa pilipili manga na kaimati kama kona ya pwani ya Afrika Mashariki. Ramadhani ya 2025, iliyoanza Machi mosi, kona ile ilikuwepo kweli, na kaimati ndizo zilizokuwa zikiisha kwanza.

Niliuliza pia kuhusu nguruwe, kwa sababu mimi ni Mwislamu na sikutaka kuja kugundua baadaye. Nguruwe hapa ana sehemu yake ya kuandalia na vyombo vyake, vimetengwa kabisa, na kuonja kunafanywa na msaidizi wangu ambaye si Mwislamu. Dada zangu wapishi, ulizeni hili kwenye usaili bila haya. Hakuna aliyenishangaa.

Ofa ya kwanza ilikuwa jumla ya dirhamu 13,000 kwa mwezi, lakini mshahara wa msingi ndani yake ulikuwa 5,000 tu, zilizobaki ni posho. Hapa wapishi wengi hutazama jumla wakasaini. Kiinua mgongo katika Imarati, nchi ambayo Dubai imo, hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza. Kwa msingi wa 5,000 hiyo ni dirhamu 3,500 kwa mwaka. Kwa 8,000 ni 5,600. Niliomba jumla ibaki ile ile na msingi upande hadi 8,000. Walikubali kwa siku mbili, na sikupoteza chochote kwa kuomba.

Ofa ya kweli ya Imarati hutoka kwenye mfumo wa Wizara ya Rasilimali Watu, ina namba, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwa wizara hiyo kabla ya kusaini. Mkataba haupaswi kupingana nayo. Sheria ya kazi ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine. Baada ya kusaini nilitumiwa kibali cha kuingia, ambacho kina siku 60 za kukitumia. Nilichokigharamia mwenyewe ni karatasi za nyumbani: cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya Kenya, ambacho huombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha ukatoa alama za vidole, na kuthibitisha diploma yangu Wizara ya Mambo ya Nje na baadaye ubalozi wa Imarati Nairobi. Safari mbili za Nairobi kwa basi la usiku. Pesa hizo hoteli ilinirudishia kwa risiti, kwa sababu niliomba iandikwe kwenye barua ya ofa. Sheria yetu ya Kenya ya ajira inataka pia mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi. Wengi huruka hatua hiyo. Mimi nilitaka nakala yenye muhuri ibaki kwa mume wangu.

Nilifika Novemba 2024. Kupimwa damu na kifua, alama za vidole, kitambulisho, yote ndani ya wiki mbili, gari la hoteli likinipeleka na kunirudisha. Pasipoti yangu ninayo mimi, kwenye droo yangu. Kabla ya kuanza rasmi nilifanya, kwa lugha ya Kiingereza, mtihani wa usimamizi wa usalama wa chakula unaotakiwa na Manispaa ya Dubai, nao pia ulilipiwa.

Yasiyofurahisha yapo. Kama mkuu wa idara sina ovataimu, na kuanzia Desemba mpaka Februari niko jikoni saa 12 au 13 kwa siku. Mshahara wangu unaniruhusu kudhamini familia, lakini karo za shule hapa zimenishinda, kwa hiyo binti yangu amebaki Malindi na mamangu. Tunapigiana video baada ya Alasiri, kabla huduma ya jioni haijaanza, yeye ananionyesha daftari la hesabu na mimi namwonyesha sufuria.

Wanaoniandikia sasa siwapi namba ya mtu. Nawatumia zoezi la chewa: nenda sokoni, nunua samaki mzima, mpime, mtoe minofu, pima tena, kisha nitumie gharama ya kipande cha gramu 180 pamoja na picha ya mizani. Anayerudisha hesabu, namsomea CV yake mstari kwa mstari. Mwezi uliopita kijana wa Watamu alinirudishia ya changu, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya risasi, ila kichwa na mifupa alivihesabu kama taka. Nimemwambia apike supu, arudie.