Nakala za miswada: upige picha kwa simu au uagize skani?

Maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London, ina miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Kwa kusoma tu, simu inatosha, chumba cha wasomaji kikiruhusu. Zima flashi, laza mswada kwenye mto laini wa kuuegemeza, na kila picha iwe na kikaratasi chenye namba ya mswada, la sivyo baadaye hutajua ukurasa umetoka wapi. Shika simu sambamba na ukurasa. Ikiinama, upande mmoja hufifia na nukta zinazotenganisha herufi ب (b) na ت (t) hupotea.

Skani ya maktaba hulipiwa na husubiriwa, ila kwa kuchapisha kitabu ni bora zaidi: omba TIFF (aina ya faili ya picha yenye ubora wa juu) ya dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) au zaidi. Malipo hayo ni ya nakala tu. Ruhusa ya kuchapisha huombwa peke yake, na huenda hakimiliki si ya maktaba.