Miezi minne na mashine ya umeme kwenye boti yangu, Lamu

Nabeba abiria kwa boti hapa Lamu. Boti yangu ni ya faiba, futi 19, na miaka yote imesukumwa na mashine ya petroli ya arobaini, yaani nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya oili kwenye mafuta. Kaskazi iliyopita, kuanzia Desemba hadi Machi, niliivua nikafunga ya umeme niliyopewa kwa kukodi. Manahodha wengi wameniuliza ikoje, kwa hiyo naandika yote hapa, mazuri na mabaya.

Ilikuwa mashine ya kilowati 10 na betri mbili za lithiamu, kila moja uniti 5. Uniti nasema zile zile za tokeni za stima nyumbani. Arobaini ya petroli ni karibu kilowati 30, kwa hiyo tangu mwanzo nilijua siwekei mashine sawa na ile niliyotoa. Muuzaji alinihakikishia kwamba umeme unavuta zaidi ya hesabu ya karatasi. Hapo alisema kweli nusu.

Kweli ilikuwa pale gatini. Mashine ya petroli lazima izunguke kwa kasi ndipo itoe nguvu. Ya umeme inakupa mvuto wote tangu mzunguko wa kwanza wa rafadha, yale mapanga yanayosukuma maji. Unageuza mkono kidogo tu, boti inatoka kama imesukumwa na watu. Katikati ya madau na boti zilizobanana pale mbele ya mji, kurudi nyuma na kusogea hatua mbili ikawa kazi nyepesi kuliko nilivyowahi kuona. Hakuna kuvuta kamba mara sita asubuhi, plagi haziloi, na shati halinuki oili.

Halafu ule ukimya. Siku ya pili nilimbeba mama mmoja mtu mzima kutoka Shela. Tulipokuwa katikati ya maji akanishika bega: "Mwanangu, mashine imezimika?" Nikamwambia, "Hapana mama, inakwenda." Akatazama maji yanavyopita ubavuni, akanyamaza, kisha akaanza kuzungumza na mwenzake kwa sauti ya kawaida. Ukiwa na arobaini watu hawazungumzi, wanapigiana kelele.

Lakini ukimya huo huo ulinitia hofu. Watoto wetu wanaruka baharini kutoka kwenye kuta za gati kutwa nzima, na wamezoea kukimbia wakisikia mlio. Mara mbili walirukia mbele yangu kwa sababu hawakusikia kitu. Baada ya hapo kijana wangu alikaa mbele na filimbi kila tulipokaribia mji. Yeyote atakayefunga mashine hii asiache jambo hili.

Sasa mwendo, ambao ndio kila mtu anataka kusikia. Nikiwa na kijana wangu peke yake, boti iliinua pua, ikalala juu ya maji na kukimbia kilomita 20 kwa saa. Nilipopakia watu wanane na mizigo, haikuinuka kabisa. Ilichimba maji kwa kilomita 11 kwa saa, na nikikaza mkono zaidi nilikula betri bure, mwendo haukuongezeka. Mzigo huo huo, arobaini inaukimbiza kilomita 35. Mokowe, ambako nilikuwa nikifika kwa dakika kumi, kukawa nusu saa.

Sababu niliielewa nilipozibeba betri zile kwa mikono yangu. Mbili pamoja zilikuwa karibu kilo 75. Lita moja ya petroli ina nguvu ya uniti 9 hivi; mashine inapoteza sehemu kubwa kwa moto na moshi, na zinazofika kwenye rafadha ni kama mbili tu. Ya umeme haipotezi hivyo, katika uniti kumi unapata karibu tisa. Hata hivyo piga hesabu: kilo 75 za betri zimekupa kazi ya lita nne au tano za petroli, ambazo hazifiki kilo nne. Na dumu la petroli linazidi kuwa jepesi kadiri unavyokwenda. Betri ikiisha, uzito wake unabaki ule ule.

Watu hunipa mfano wa magari ya umeme. Gari likiteremka mlima wa Mazeras linajirudishia chaji. Maji hayana mteremko. Ukiachia mkono, boti inasimama baada ya muda mfupi, kwa hiyo kila mita unailipia, na ukitaka kukimbia malipo yanapanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe.

Mwezi wa pili nilijaribu kwenda Mtangawanda, kule kisiwa cha Pate. Niliondoka na betri zimejaa, abiria watano, na karatasi ya muuzaji ilisema nitafika na akiba. Kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yalikuwa yanatoka na mkondo ulikuwa usoni. Jua la saa saba lilikuwa limepasha sanduku la betri hadi kifuniko hakishikiki. Mashine ikajipunguza yenyewe, mwendo wa mtu anayetembea, kisha polepole zaidi ya hapo. Nilitia nanga. Ilitubidi kungoja boti ya Faza ituvute, na miongoni mwa abiria alikuwepo mzee anayepelekwa kwa mgonjwa wake. Muuzaji alijibu kwamba nilipakia kupita kiasi. Watu watano! Karatasi yao imepimwa kwenye maji yaliyotulia, boti tupu, na hilo wangeniambia kabla sijachukua abiria.

Najua boti za umeme zinazokimbia kweli zipo. Zile za mashindano ya E1, yaliyoanza Jeddah Februari 2024, zinafika noti 50 (karibu kilomita 93 kwa saa), na Stockholm mwaka 2024 kilianza kazi kivuko cha Candela P-12, kinachobeba watu 30 kwa noti 25 (karibu kilomita 46 kwa saa). Zote zinainuka juu ya mabawa yaliyo chini ya maji, tumbo la boti haliguswi na maji, ndiyo maana betri inatosha. Mimi ningependa sana kuziona. Lakini bawa hilo kwenye Mkanda maji yakitoka, penye mchanga, majani ya bahari na nyavu za wavuvi, halimalizi wiki.

Kwa upande wa pesa: siku ya safari za Manda na Shela nilikuwa nachoma lita 12, zaidi ya shilingi 2,000. Kuchaji betri zote mbili usiku hakukufika 400, stima ikiwepo. Bei ya kununua seti nzima ndiyo iliyonishinda, ilizidi milioni mbili.

Arobaini imerudi kwenye boti kubwa. Akija mtu usiku kutoka Kizingitini na mke wake ana uchungu, sitaki kuwa naangalia asilimia. Ya umeme nimeongeza mkataba wa kukodi, nimeifunga kwenye boti ndogo ya kuvusha watu wa uwanja wa ndege wa Manda, kwa mwendo wa taratibu, betri nimezitengenezea kivuli cha turubai, na filimbi inaning'inia shingoni mwa kijana.