Kwadi yangu ya mtumba ilikuwa inakata moto kila dakika kumi, ugonjwa ulianzia kwenye tenki

Wadau salama. Naleta uzoefu wangu wa kwadi baiki (ile pikipiki ya matairi manne) ya mtumba, ya Kichina, cc 200, niliichukua Dar mwaka jana nikaipakia kwenye fuso mpaka Njombe kwenye shamba letu la maparachichi. Shamba limekaa kwenye mteremko, udongo ukilowa pikipiki yenye kreti mbili unaanguka nayo, na mama alikuwa anashusha matunda kichwani huku magoti yanamsumbua, kwa hiyo kwangu hii ilikuwa shida ya kweli na siyo starehe. Kwa nguvu na kupanda mlima naipa tisa kwa kumi. Ila mambo ya mafuta yalinitesa miezi miwili na ndo nataka niongee hapo kwa kirefu, maana wengi tunanunua hivi vyombo vikiwa vimelala stoo mwaka mzima halafu tunalaumu injini.

Dalili zilikuwa hivi. Asubuhi inawaka kwa choki tu (ile ya kubana hewa injini ikiwa baridi), ukirudisha choki inazima. Ukishika resi kubwa inakwenda fresh, ukiachia inakufa. Ikishatembea kama dakika kumi inaanza kukohoa inakata moto, unakaa kidogo, unapiga selfu, inawaka kama hakuna kilichotokea. Na petroli inachuruzika kwenye kale kampira kanakoning'inia chini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Fundi wa kwanza hakufungua hata nati moja, akasema kabureta imekufa nunua mpya. Basi hapa kuna habari nzuri kwa wenye kwadi kama yangu, kabureta yake ni PZ30, ni aina ile ile inayofungwa kwenye guta nyingi (zile za matairi matatu za mizigo) za cc 200, kwa hiyo huhitaji kuagiza popote, nenda duka la spea za bodaboda na guta. Mimi nilitoa 45,000. Ikafungwa, siku tatu raha, siku ya nne ugonjwa ukarudi ule ule. Niliumia jamani, na siyo kwa sababu ya hela tu, parachichi zimeshachumwa, kreti ziko juu kule na gari la mnunuzi liko barabarani linasubiri.

Fundi wa pili ni mzee mmoja anayetengeneza guta, yeye alianzia juu. Akafunga koki ya mafuta chini ya tenki, akalegeza skrubu ya chini ya kabureta akakinga mafuta kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa. Tukaiacha itulie. Aisee, chini kabisa kulikuwa na maji, yamejitenga kama vitone vya mafuta ya kupikia lakini yako chini maana maji ni mazito kuliko petroli, na juu ya maji vumbi jeusi. Lile vumbi ni mpira wa mafuta, ulikuwa umeoza kwa ndani unamomonyoka, nje unauona mzima kabisa! Tenki nalo likishushwa harufu yake siyo ya petroli tena, linanuka kama rangi ya ukutani. Sasa hata ufunge kabureta kumi, uchafu unashuka tu.

Tukaosha tenki kwa petroli safi mara tatu, mpira mpya, koki ikafunguliwa ikasafishwa wavu wake, tukaweka filta. Filta nayo ina somo lake, niliyoinunua mwanzo ilikuwa ya karatasi ya gari, na kwadi hii haina pampu, mafuta yanashuka yenyewe, kwa hiyo yalikuwa yanapita kwa shida na ikawa inakosa nguvu mlimani. Chukua ile ndogo ya pikipiki inayoonyesha ndani, mshale uelekee kwenye kabureta. Mimi nilitoa elfu mbili tu.

Ile ya kukata moto baada ya dakika kumi ilinishangaza zaidi. Siku imezima mzee akaniambia fungua mfuniko wa tenki, nikasikia fyuuu hewa inaingia, kuwasha, ikawaka. Katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kalikuwa kameziba tope, mafuta yakipungua hewa haiingii, basi yanagoma kushuka. Tumezibua kwa pini, tatizo likaishia hapo hapo.

Kabureta ya zamani tuliifungua pia. Ile jeti ndogo, yaani kitundu cha kupitisha petroli wakati resi iko chini, ilikuwa imeziba kabisa, ndo maana bila choki haishiki. Tuliilowesha usiku kucha, tukazibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba wa umeme, usitumie pini ya chuma humo utapanua tundu, halafu upepo wa kompresa kwa wale wa pancha. Sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, tulibadilisha, kuchuruzika kukaisha. Na jamani kama kabureta yako imekuwa ikivujisha, cheki oili, yangu ilikuwa nyepesi inanuka petroli, tuliimwaga yote.

Kitu cha mwisho ni huku kwetu juu. Njombe ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwadi iliyosetiwa Dar ikija huku inakunywa mafuta mengi kuliko hewa. Plagi ilikuwa nyeusi tii hata baada ya kuosha kila kitu. Tulihamisha kile kiklipu cha sindano ndefu ya ndani ya kabureta, ile inayopima petroli ukishika resi, mfereji mmoja kwenda juu ili sindano ishuke, plagi ikawa ya kahawia, na ulaji ukapungua nauona kwenye dumu.

Kwa hiyo ile 45,000 haikuwa na ulazima, hasira ninayo mpaka leo, ila kabureta mpya yenyewe siyo mbaya, nimeifuta nimeiweka kwenye nailoni kabatini. Inayofanya kazi sasa hivi ni ile ya zamani, huu ni mwezi wa nane tangu tuirudishe. Mafuta ya chupa ya njiani nimeacha, najaza sheli na dumu langu, kila Jumamosi namwaga kidogo kwenye chupa kucheki maji, na ikikaa zaidi ya wiki mbili nafunga koki naiacha ingurume mpaka izime yenyewe. Jana mdogo wangu kashusha kreti sita kwa safari moja, mvua inanyesha, mama amekaa barazani anazihesabu.