"Tatizo halikuonekana": uzoefu wangu na gari ya Kimarekani

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake: usinunue. Nyota moja, na hiyo moja nimeipa hita. Ukisoma mpaka chini pengine utakuta nimebadilisha maneno, najijua nilivyo, ila asubuhi hii natafuta kadi ya bima kwenye droo nikakutana na zile karatasi, damu imechemka upya.

Jina la kampuni sitaji, wala la wale niliowapelekea gari, maana mambo ya mahakamani siyawezi na mkopo bado naulipa. Jua tu ni moja ya zile tatu kubwa za Detroit, jimbo la Michigan: Ford, General Motors (GM) au Chrysler. Mi naishi Columbus, Ohio, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani mwao, asubuhi bibi mmoja Grove City, mchana babu mmoja Westerville, yaani pembe mbili za mji zisizosalimiana, na ukisema usubiri basi la hapa huyo babu atakuwa ameshajipikia na kuosha vyombo. Bila gari sina kazi. Nilinunua imetumika, maili 40,000 na kidogo. Shemeji alinionya, chukua Toyota, lakini Toyota ya pesa ile nliyokuwa nayo ilikuwa na maili 120,000 na ubavu umebonyea, na hii inang'aa, viti vya ngozi vinakupasha moto mpaka kiunoni, sasa we mwenyewe umetoka kwenye theluji ungefanyaje?

Miezi ya mwanzo sina la kusema. Tuliendesha hadi Louisville kwenye harusi tukiwa watu watano na masufuria ya pilau nyuma, haikukohoa.

Halafu siku moja, baridi ndo inaanza kuisha, niko barabara kuu ya I-270 natoka kwa bibi naenda kwa babu, gari ikaanza kutetemeka. Nikadhani ni barabara. Gia zikawa zinagonga, taa ya injini ikawaka, nakanyaga mafuta injini inaunguruma tu gari haiendi, na nyuma yangu kuna lori linapiga honi kama treni. Nilijikokota mpaka pembeni huku natetemeka kuliko gari. Nikazima. Nikakaa kama dakika ishirini namwomba Mungu, nikawasha, ikaondoka kama haijawahi kuumwa.

Nikaipeleka kwa dila, yaani wakala mwenye nembo ya kampuni yenyewe, nikijua huko ndo kwao, watajua. Dola 165 za kupima. Jioni nikapewa karatasi imeandikwa kwa kifupi: tatizo halikuonekana. Basi nikasema sawa, labda ilikuwa bahati mbaya. Wiki mbili baadaye ikagoma tena, karibu na daraja. Nikarudi. Tatizo halikuonekana. Nikawaeleza, jamani, inafanya hivi ikishapata moto, baada ya dakika arobaini hivi, we ukiizungusha kwenye maegesho dakika kumi utaona nini? Wakaitikia kwa kichwa. Halikuonekana.

Mara ya tatu ndo yalipotokea ya kutokea. Nilienda na mtoto wa dada yangu, ana miaka 19, leseni hana, kazi yake siku ile ilikuwa kunishikia mkoba. Yule kijana wa kaunta nikimweleza mimi, anamwangalia yeye. Nauliza mimi, jibu anapewa yeye. Mwisho akanigeukia, akatabasamu lile tabasamu la kuuzia sabuni, akasema gari zote za aina hii ndo zilivyo mama, halafu akaongeza: labda unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja? Mimi! Nimeendesha gari Dar es Salaam, nimepita Kariakoo siku ya sikukuu na mguu mmoja tu, leo mtoto aliyezaliwa mi nna leseni ananiuliza miguu yangu iko wapi. Nilinyamaza. Nikinyamaza hivo nyumbani wanajua waondoe watoto.

Usiku sikulala, nikaanza kusoma habari za hizi kampuni, na ndo nikaona kumbe si mimi peke yangu, hii ni mila ya ukoo. Mwaka 1965 kuna mwanasheria kijana anaitwa Ralph Nader aliandika kwamba magari ya Marekani yanaua watu kwa jinsi yalivyoundwa, akaanza na Chevrolet Corvair ya General Motors. GM walifanya nini? Wakaajiri wapelelezi. Badala ya kuichunguza gari wakamchunguza mlalamikaji, anatembea na nani, anakula nini. Ikajulikana, na Machi 1966 rais wa kampuni, James Roche, akakaa mbele ya Seneti kuomba radhi. Mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria ya usalama wa magari. Nikasema aha, kumbe swali la miguu yangu lina babu yake.

Ila lililonitoa machozi ni la swichi za kuwashia gari za hao hao GM. Chevrolet Cobalt, Saturn Ion na wenzao, swichi legelege, ukigusa ufunguo kwa goti au ufunguo ukiwa na mzigo wa vitu, inarudi nyuma yenyewe, injini inazima ukiwa barabarani, na mifuko ya hewa haifunguki ukigonga. Watu walilalamika miaka. Kampuni iliweka jambo hilo kwenye fungu la usumbufu kwa mteja, si usalama. Mwaka 2005 wakawatumia madila waraka, mwambieni mteja apunguze vitu kwenye mkungu wa funguo. Umeelewa hapo? Kosa ni mapambo yako ya funguo. Kisha 2006 swichi ikarekebishwa kimya kimya bila kubadilishiwa namba ya spea, hata waliokuja kuchunguza baadaye wakachanganyikiwa kwa nini gari za mwaka huu zinazima na za mwaka ule hazizimi. Mpaka 2014 ndo wakaita magari yarudi, zaidi ya milioni 2 na nusu kwa hilo tu, na bosi mkuu wa GM, Mary Barra, ambaye hata miezi mitatu hakuwa amemaliza kwenye kiti, akaenda kusimangwa bungeni. Pale ndo ikasemwa bei ya kurekebisha swichi moja: senti 57. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Senti hamsini na saba, jamani.

Sisemi gari yangu ni ya kampuni hiyo, wala sisemi siyo. Nasema nilipokuwa nimekaa pembeni ya I-270 na lori zinapita zinanitikisa, mtu akaandika halikuonekana, nna haki ya kuwaza mbali.

Sasa nikaanza kupayuka kanisani kwamba Wamarekani hawajui kuunda gari, na hapo lazima nijisahihishe kidogo, kwa sababu mzee mmoja wa ushirika wetu alinikata kauli. Aliniuliza Honda Accord yake imeundwa wapi. Nikasema Japani. Akacheka. Marysville, karibu hapo tu kaskazini mwa Columbus, Honda wanaunda magari tangu 1982, na wanaoyafunga hizo boliti ni hawa hawa majirani zetu wa Ohio.

Akanipa na hadithi ya Fremont, California. GM walikuwa na kiwanda huko, sifa yake mbaya, watu hawaji kazini, wengine wanakunywa pombe humo humo, wakakifunga 1982. 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wakachukuliwa wale wale, hao hao walevi! Wakafundishwa utaratibu wa Kijapani: ukiona kasoro unavuta kamba, watu wanakuja mbio kukusaidia, ikibidi laini nzima inasimama, hakuna wa kukufokea. Magari yakaanza kutoka safi. Miaka ya mwishomwisho kiwanda kile kilikuwa kinatoa Pontiac Vibe, nembo ya Kimarekani, ndani ni Toyota Matrix mtupu, ukiiona inauzwa nipigie simu kabla hujamwambia mkeo. Kilifungwa 2010, sasa hivi wamo Tesla.

Kwa hiyo mkono hauna kosa. Ni sikio. Kamba nimevuta mara nne mimi, na kila nikivuta wanakuja kuangalia kama kamba ni nzima.

Ya nne? Ya nne sikwenda hata ndani, nliwaachia ufunguo kwenye lile sanduku la usiku na barua ndefu, nimeeleza dakika, joto, daraja, kila kitu. Tatizo halikuonekana. Sheria ya malimau nayo hainifai, hapa gari mbovu wanaiita limau, na Ohio inakulinda mwaka wa kwanza au maili 18,000 za kwanza, mimi limau langu nimelipokea limeshakamuliwa.

Nikampata Mkongo mmoja wa Bukavu, gereji yake iko nyuma ya duka la matairi, bango hana. Aliniita yaya. Kwao yaya ni dada mkubwa, ni heshima, kwetu yaya ni wa kulea watoto, nikacheka kwa mara ya kwanza wiki ile kwa sababu kweli kazi yangu ndo hiyo, tofauti watoto wangu wana miaka 80. Huyu bwana hakuunga kompyuta yoyote. Alisikiliza. Akaniuliza inaanza baada ya muda gani, akachukua ufunguo, akaingia I-270 ambayo ni duara, unazunguka mji mzima saa moja unarudi ulipoanzia. Akarudi taa ya injini inawaka na yeye anatabasamu. Akaingia uvunguni na tochi. "Yaya, motokari yako haiko mubaya, ni hii kawaya tu, chumvi inakula." Waya wa ethi, ule unaofunga umeme wa giaboksi kwenye bodi, umeota kutu ya kijani mpaka umebaki nyuzi tatu, kwa ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Injini ikipata moto na waya umechoka, umeme unayumba, kompyuta ya gia inapoteza akili. Akakata, akafunga mpya, akapaka grisi. Dola 80, na soda akaninunulia yeye.

Tangu hapo haijagoma. Baridi nzima imepita.

Kwa hiyo, haki ya Mungu, nyota moja ni uonevu. Gari yenyewe haikuwa na shida, ni chumvi ya Ohio, hata Toyota ya shemeji chini imeoza. Hita ni ya ajabu, barabara ndefu unakaa kama uko sebuleni, spea za kawaida bei nafuu na kila duka unazikuta. Nyota tatu. Wacha niseme tatu na nusu.

Lakini subiri kwanza. Nani aliyeweka waya huo mahali maji ya chumvi yanaporukia? Hawa watu wamezaliwa Michigan! Kampuni zina zaidi ya miaka mia, Ford ya 1903, GM ya 1908, baridi yao ni ile ile na chumvi ni ile ile, hawajui uvungu wa gari unakutana na nini Januari? Na mlipa kodi wa nchi hii ndo alizinyanyua mbili kati yao 2009 zilipofilisika, GM peke yake ilipewa kama dola bilioni 50, na Chrysler ikaishia mikononi mwa Fiat, leo iko chini ya Stellantis ambayo makao yake ni Uholanzi, hata huo Umarekani wenyewe wa kutafuta kwa tochi. Nyota mbili. Shemeji asisome hapa.

Na wale wa kaunta sifuri, hilo halibadiliki.

Maana hamjajua walichonifanyia mwisho. Wiki ile ile niliyotengenezewa na Mkongo, simu ikaingia meseji: tathmini huduma uliyopata, moja hadi kumi. Yule kijana wa tabasamu akafuata kwa simu yake mwenyewe, anabembeleza, mama tafadhali weka kumi, chini ya kumi kwetu ni kufeli. Nikafungua. Nikaweka moja. Chini kulikuwa na kisanduku, eleza sababu, nikaandika nimeitafuta huduma nzuri mara nne, nimefuata maelekezo yote, haikuonekana.

Kesho yake akapiga bosi wao, mama wa makamo, sauti ya upole. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaomba radhi, akasema nije nibadilishiwe oili bure.

Nikaenda. Oili ni oili.