TAHADHARI: Taa ya sevisi imezimwa, oili ni ileile

Wenye magari, kuna mchezo unachezwa gereji na watu wanaliwa pesa zao bila kujua. Unapeleka gari kwa sababu taa ya sevisi imewaka kwenye dashibodi. Unaacha funguo, unarudi jioni. Taa imezimika, injini imefutwa inang'aa, na kuna stika mpya inayoonyesha kilomita za sevisi ijayo. Unalipa, unashukuru, unaondoka. Kumbe oili ni ileile nyeusi uliyokuja nayo, na filta haijaguswa.

Mchezo huu unawezekana kwa sababu kwenye magari mengi taa ile haijui lolote kuhusu oili yako. Chukua Toyota zilizotengenezewa soko la Marekani, zile zenye maandishi ya MAINT REQD (yaani matengenezo yanahitajika). Taa yao inahesabu umbali tu. Ukikaribia maili 4,500 inaanza kuwakawaka kidogo unapowasha gari, ukifika maili 5,000, kama kilomita 8,000 hivi, inawaka na kubaki imewaka. Honda imejanjaruka kidogo: inakadiria asilimia ya uhai wa oili kwa kuangalia mizunguko ya injini, joto na jinsi gari linavyotumika. Lakini hata hiyo ni hesabu ya kompyuta, hakuna kinachoipima oili yenyewe. Fundi akibonyeza kitufe kuiambia "tayari tumebadilisha", inaamini na kuanza upya.

Na kubonyeza kwenyewe ni kazi ya sekunde chache. Kwenye Toyota nyingi unawasha swichi, unaweka kioo kidogo kwenye odometa kwa kitufe cha trip, kile cha kihesabu cha safari (modeli nyingine zinataka kioo kiwe kwenye Trip A), unazima. Halafu unashikilia kitufe kilekile cha trip huku unawasha swichi bila kupiga stati, unaendelea kushikilia mpaka taa izimike. Honda nyingi unashikilia kitufe cha SEL/RESET kama sekunde 10 mpaka asilimia ianze kuwakawaka, kisha unashikilia tena hadi irudi 100. Baadhi ya magari ya GM (General Motors ya Marekani) ya miaka iliyopita ndiyo yanachekesha kabisa: swichi imewashwa, injini imezimwa, unakanyaga mafuta hadi chini mara 3 ndani ya sekunde 5, basi. Magari mapya mengi yana menyu kwenye usukani. La gari lako limeandikwa kwenye kitabu chake, kile kinachokaa kwenye droo hakisomwi na mtu.

Sasa unaona kwa nini wale wanaokuambia "hii mpaka tuifungie kompyuta" na kukutoza hela ya pembeni wanastahili maswali. Sisemi wote ni waongo. Yapo magari, hasa ya zamani ya Ulaya, ambayo yalihitaji kifaa maalumu. Na BMW inaweza kukataa kabisa kuanza upya hesabu ya pedi za breki kama sensa ya pedi ilishalika na haijabadilishwa. Huyo fundi hakuibii, gari lenyewe ndilo linakataa. Lakini kwa taa ya kawaida ya oili, mwombe afungue kitabu cha gari akuonyeshe palipoandikwa kwamba haiwezekani bila mashine.

Gari la shemeji yangu ndilo lilinifanya niandike haya. Yeye ni mtu wa kushuku, kwa hiyo kabla ya kupeleka gari alichora alama ndogo kwenye filta kwa kalamu ya wino usiofutika. Gari likarudi, taa imezima, risiti ina oili na filta. Akainama na tochi: alama ipo palepale. Kuulizwa, fundi akasema filta aliitoa, akaisafisha, akairudisha. Jamani! Filta ya oili ya kufunga kwa kuzungusha haisafishwi, inatupwa. Hapo hata aliyekuwa na nia ya kumtetea aliishiwa maneno.

Hiyo alama ya kalamu naipendekeza kwa kila mtu, haina gharama. Kabla ya sevisi vuta pia kijiti cha kupimia oili, angalia kimo na rangi, piga picha ikionyesha odometa. Ukichukua gari, vuta tena. Gari la petroli likitoka kubadilishwa oili, oili yake huonekana safi, ya rangi ya asali. Ikiwa nyeusi tii kabla hujafika hata nyumbani, rudi. Ila wenye dizeli msigombane na fundi kwa rangi peke yake, maana oili ya dizeli hugeuka nyeusi muda mfupi tu baada ya injini kuwashwa. Kwenu ushahidi ni filta. Mwambie fundi mapema kwamba utaondoka na filta ya zamani na makopo matupu, na kwamba makopo yafunguliwe mbele yako. Akianza kununa kabla hata kazi haijaanza, geuza gari.

Kwa haki, kinyume chake pia hutokea: fundi amebadilisha kila kitu vizuri, akasahau kuizima taa. Kwa hiyo usimwite mtu mwizi kwa sababu taa bado inawaka. Kuwaka si ushahidi, na kuzimika si ushahidi.

Hasara yenyewe si pesa ya sevisi tu. Taa ikianzishwa upya bila oili kubadilishwa, haitakukumbusha tena mpaka umalize mzunguko mwingine mzima. Oili iliyopaswa kumwagwa kwenye kilomita 8,000 inafika 16,000. Filta ikishaziba, vali yake ya dharura hufunguka ili injini isikose oili, na kuanzia hapo oili inazunguka bila kuchujwa. Utandu mzito unajijenga kwenye njia ndogo ndogo. Wenye turbo ndio huumia mapema, kwa sababu beringi zake zinategemea oili safi kwenye joto kali. Injini ikinoki, yule wa stika atakuambia gari lilikuwa bovu tangu zamani.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika, hili linawahusu zaidi. Muuzaji anaizima taa ya sevisi asubuhi unayokuja kuangalia gari, na akiwa na skana ya bei rahisi, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, anafuta pia ile taa ya njano yenye umbo la injini. Hiyo ya njano ni taa tofauti kabisa, inaonyesha hitilafu, na kuifuta hakutengenezi chochote. Bahati nzuri kufuta huko kunaacha nyayo. Magari yote madogo yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na ya petroli Ulaya kwa mfumo unaofanana tangu 2001, yana soketi ya OBD, yaani tundu la kuchomeka skana kwenye kompyuta ya gari. Chomeka skana yako uangalie majaribio ya mfumo, yale ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe. Mengi yakisema hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni, au betri ilichomolewa. Skana nyingi huonyesha pia kilomita zilizotembea tangu kufutwa. Muuzaji anayeapa kwamba gari halijawahi kusumbua huku skana ikisoma kilomita 3, mwachie gari lake.

Na tafadhali, taa nyekundu yenye umbo la kibuyu cha oili haimo kwenye mazungumzo haya. Ikiwaka unaendesha, presha ya oili imeshuka. Simama, zima injini. Anayekuambia "hiyo nayo tunaizima tu" usimpe hata funguo.

Kama una wasiwasi na sevisi iliyopita, usingoje taa ikuambie, maana ilishadanganywa. Badilisha oili na filta sasa ukiwa umesimama hapo hapo, taa uizime mwenyewe, na kilomita za siku hiyo uandike kwenye simu yako, si kwenye stika ya mtu.