Fundi wa jirani na stesheni aliyetupimia Raleigh ya baba

Kama unayo baiskeli ya zamani ya Kiingereza na hujui thamani yake, mpelekee fundi mzee mwenye kibanda jirani na stesheni ya reli hapa Tabora. Sisi tumetoka kwake wiki iliyopita na nimeridhika sana, ingawa lipo jambo moja lililonikera.

Kwetu tupo wanne. Marehemu baba alituachia Raleigh aliyoinunua kwa pesa ya tumbaku, na kaka mkubwa akaomba abaki nayo, wenzake atulipe mafungu yetu. Sasa kwa bei gani? Mnunuzi wa chuma chakavu aliipima, ikaja kilo 20, akataja shilingi 15,000. Dalali mmoja akasema laki sita, eti kwa kuwa ni ya kale. Fundi mwingine akashauri tuipulize kwanza rangi mpya nyeusi. Tulikaribia kununiana ndugu kwa ndugu.

Mzee hakuuliza tumetajiwa ngapi. Aliipindua, magurudumu juu, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akasugua habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, taratibu mpaka grisi iliyoganda ikaachia. Yakatokea maandishi ya Sturmey-Archer, watengenezaji wa habu hizo, herufi AW, na pembeni 64. "Gia tatu hii, mwanangu. Imetengenezwa Nottingham mwaka 1964." Nyumbani siku zote tuliambiwa baba aliinunua kabla ya Uhuru! Mzee akanituliza: tarakimu ile ni ya habu tu, na gurudumu hubadilishwa, kwa hiyo fremu inaweza kuwa na umri mkubwa zaidi. Namba ya fremu tuliiona chini ya siti, lakini akasema Raleigh walikuwa wakirudia namba, hivyo peke yake haitoshi kukupa mwaka.

Kisha akahesabu spoki, kidole kimoja kimoja. Nyuma 40, mbele 36. Baiskeli za Kiingereza za aina ile zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, maana yake gurudumu la mbele limetoka kwenye baiskeli nyingine. Hapo bei ikashuka. Ikapanda tena alipokuta fimbo zote za breki zipo, na ile gia kubwa ya kwenye pedali bado ina korongo wake watatu, wale ndege wa nembo ya Raleigh. Rangi ni ya kiwandani, mistari ya dhahabu inaonekana ukiisogeza kwenye jua. Akatusihi tusiipulize kabisa. Anayezitafuta baiskeli hizi anataka rangi yake ya asili hata ikiwa imechubuka, na akiona rangi mpya anashuku kuna mahali pamechomelewa pakafichwa.

Halafu akagonga siti, ya plastiki, akauliza, "Ya ngozi mmeiweka wapi?" Nikampigia mama. Ilikuwa stoo, imefungwa kwenye gunia tangu baba alipoanza kuumwa mgongo. Ni Brooks, siti ya ngozi ya Kiingereza; ngozi imekauka lakini haijapasuka, ribiti zote zipo. Nilipoileta, mzee aliishika kwa mikono miwili, akaongeza 40,000 palepale. Akatuonya tusiipake mafuta ya kupikia, ngozi italegea.

Jumla akasema 240,000. Alitufafanulia kwamba mnunuzi wa hapa ataifananisha na bei ya Phoenix mpya dukani, na kuvuka hapo unamhitaji mtu mwenye mapenzi nazo, ambaye unaweza kumsubiri hata mwaka mzima. Maelezo hayo ndiyo yaliyotumaliza ubishi. Tulikubaliana kugawana sawa, 60,000 kila mmoja, na kaka ameshatulipa sote watatu.

Kilichonikera ni kusubiri. Nilifika saa tatu asubuhi, akaanza kunihudumia saa nane mchana, kwa sababu kila aliyekuja na pancha alitangulia. Pia haandiki chochote usipomwomba, nami nilihitaji maandishi ya kuwaonyesha ndugu. Nilimpa daftari langu akaandika kila kifaa na bei yake, kwa mwandiko mzuri. Malipo yake ni 10,000. Nenda na kila kipande ulichonacho nyumbani, kengele, bomba, taa, hata kama kimevunjika.

Kaka amemwachia namba ya simu. Mzee anamtafutia gurudumu la mbele la spoki 32.